Mbingu Hainunuliwi, Wala Mungu Hadanganywi

Mdogo wangu, leo sogea karibu, na simu uiweke chini. Kila msimu wa harusi ukikaribia, malalamiko ya aina moja hunifikia, kutoka kwa mabinti na kutoka kwa vijana wa kiume. Binti ni Mlutheri, mchumba ni Mkatoliki, au kinyume chake. Posa imepokelewa, mahari imezungumzwa, kamati ya harusi imeshaanza kukusanya michango. Halafu siku moja, sahani zikiwa bado mezani, mama mkwe mtarajiwa anatupa neno: "Ninyi Walutheri mbingu yenu rahisi, mnaamini tu kisha mnalala." Binti naye damu imeshachemka, anajibu: "Afadhali sisi, kuliko ninyi mnaotaka kuinunua kwa rozari na misa za wafu." Basi, chakula kinapoa, wifi anakunja uso, na kijana wa watu anainamisha kichwa, hajui amtetee nani.

Hapo, binti, nakushika sikio kidogo, taratibu, usilie. Wewe umesema lisilo kweli, na mama mkwe wako kasema lisilo kweli. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba mtu hununua mbingu kwa matendo yake. Walutheri nao hawafundishi kwamba ukishaamini unaweza kulala. Hayo ni maneno tuliyoyakuta nyumbani, tukayabeba bila kuyakagua. Sikulaumu kwa kuyakuta. Hata watu waliozeekea kwenye kwaya jambo hili linawachanganya, na wengi hawaulizi kwa kuogopa kuonekana hawaijui dini yao. Kuuliza si ujinga. Msiniulize tu Jumapili nakaa kwenye benchi la kanisa gani. Leo mimi ni dada yenu nyote.

Kwanza ujue ugomvi huu haukuzaliwa Moshi wala Bukoba. Ulizaliwa Ujerumani, karne ya 16, na ulianzia ndani ya moyo wa mtu mmoja mwenye hofu. Martin Luther alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, na mwalimu wa Maandiko katika chuo kikuu cha Wittenberg. Watu wakimsikia jina hudhani alikuwa mkaidi tu aliyetaka kubomoa. Hapana. Alikuwa mtu aliyefunga, aliyekesha, aliyeungama dhambi zake saa nyingi mbele ya mkubwa wake, Johann von Staupitz, kisha akitoka mlangoni anakumbuka nyingine, moyo unamwenda mbio upya. Kila alipomfikiria Mungu alimwona hakimu aliyekaa na faili lake mkononi. Naomba hapo usipite haraka, maana wapo miongoni mwenu wanaoishi hivyo hivyo mpaka leo, na mchana wanacheka na watu.

Luther alipata pumzi aliposoma Waraka kwa Warumi. Akaelewa kwamba haki ambayo Mungu anamdai mwanadamu, ndiyo hiyo hiyo Mungu anampa bure, kwa imani, kwa sababu ya Kristo. Miaka hiyo hiyo akatokea Johann Tetzel, mtawa wa Kidominiko, akihubiri rehema huku sanduku la fedha likiwa pembeni. Sehemu ya fedha ilikuwa ya kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro kule Roma, na sehemu ilikuwa ya kulipa deni la Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kwa wakopeshaji. Tarehe 31 Oktoba 1517 Luther akatoa hoja zake 95 kulipinga jambo hilo.

Lakini uwe mwadilifu, mdogo wangu. Katika mafundisho ya Kikatoliki, rehema si kununua msamaha wa dhambi. Ni kuondolewa adhabu ya muda kwa dhambi ambayo tayari imesamehewa. Tatizo ni kwamba mahali penye sanduku la fedha, tofauti hiyo haikusikika vizuri, na mtu maskini aliyempoteza mama yake alichosikia ni kwamba sarafu itamtoa mama toharani. Kanisa Katoliki lenyewe liliona aibu hiyo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, ulikemea tamaa ya fedha katika mambo ya rehema, na mwaka 1567 Papa Pius wa Tano akafuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Kwa hiyo ukimwambia Mkatoliki wa leo kwamba kanisa lake linauza rehema, unamshitaki kwa kosa lililofutwa zaidi ya miaka 450 iliyopita. Mtu mzima mwenye akili zake hafanyi hivyo, sembuse wewe ninayekutegemea.

Sasa tusikilize kila upande ukisema kwa mdomo wake wenyewe. Mwaka 1530 Walutheri waliandika imani yao katika Ungamo la Augsburg. Ndani yake walisema mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa kustahili kwake. Mama mkwe wako labda alisikia hadi hapo akafunga masikio. Lakini ungamo lile lile, vipengele viwili tu mbele, linasema imani hiyo haina budi kuzaa matendo mema, na kwamba mtu yampasa kutenda aliyoyaamuru Mungu. Luther mwenyewe mwaka 1520 aliandika kitabu kizima kuhusu matendo mema. Sasa huyo Mlutheri anayelala ametoka wapi?

Na Wakatoliki je? Katika mtaguso ule ule walikutana Trento, kaskazini mwa Italia, na tarehe 13 Januari 1547 wakatoa tamko lao juu ya kuhesabiwa haki. Luther alikuwa amefariki Februari ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakulisoma. Ingekuwa vizuri angelisoma, maana kanuni ya kwanza kabisa katika tamko hilo inamlaani yeyote anayesema kwamba mtu anaweza kuwa mwenye haki mbele ya Mungu kwa matendo yake mwenyewe, bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Umesikia? Ni ya kwanza, si ya mwisho. Huyo Mkatoliki anayenunua mbingu kwa rozari, kanisa lake lilishamkemea kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Ni kweli kanuni ya 9 inawapinga pia wanaosema imani peke yake inatosha kwa maana kwamba mtu hahitaji kushirikiana na neema kwa chochote. Hapo ndipo Walutheri walipoumia.

Basi tofauti ilikuwa wapi? Ipo, na sitakudanganya kwamba haikuwepo. Mlutheri anasema: Mungu anamtangaza mwenye dhambi kuwa mwenye haki kwa sababu ya Kristo, na mtu anapokea kwa imani tu, maisha mapya yanafuata, lakini si sababu ya kukubaliwa. Mkatoliki anasema: Mungu anapomhesabia mtu haki hamtangazi tu, anamgeuza kwa ndani, anamimina neema na upendo moyoni, na mageuzi hayo ni sehemu ya kuhesabiwa haki kwenyewe. Mlutheri anasema aliyeamini bado ni mwenye dhambi papo hapo akiwa mwenye haki. Mkatoliki anasema ubatizo huiondoa dhambi yenyewe, kinachobaki ni tamaa mbaya ya kupigana nayo. Mkatoliki anazungumza juu ya mastahili ya matendo mema, Mlutheri neno hilo linamwasha. Lakini hata hapo Mkatoliki anafuata alivyofundisha Mtakatifu Augustino wa Hippo, mtoto wa Afrika ya Kaskazini, kwamba Mungu anapotutuza anatuza zawadi alizotupa mwenyewe.

Nikitazama vizuri naona kila upande ulikuwa unaogopa ugonjwa fulani. Walutheri waliogopa mtu atakayekesha akijihesabia mema yake, afe kwa wasiwasi au avimbe kwa kiburi. Wakatoliki waliogopa mtu atakayesema "nimeamini", kisha amwache mjane wa jirani alale njaa. Magonjwa yote mawili ni ya kweli. Nitarudi kwayo, maana nimekuiteni kwa ajili hiyo hasa.

Najua kuna mjanja ananiuliza: lakini dada, si Paulo na Yakobo wenyewe walipingana? Paulo katika Warumi anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo anasema ni kwa matendo, si kwa imani peke yake. Na wote wawili wanamtaja Abrahamu huyo huyo! Luther naye suala hilo lilimkwaza hadi mwaka 1522 akauita waraka wa Yakobo kuwa ni wa majani makavu tu, ingawa hakuutoa katika Biblia yake.

Sikiliza, mdogo wangu, ukitaka kuelewa maneno ya mtu uliza kwanza anazungumza na nani. Paulo alikuwa akipambana na watu waliowaambia wasio Wayahudi kwamba bila kutahiriwa na kushika torati hawawezi kuwa wa Mungu. Kwa hao anamtaja Abrahamu wa usiku ule wa nyota, mzee asiye na mtoto, asiye na la kuonyesha, aliyesadiki ahadi tu. Yakobo alikuwa akizungumza na watu waliomwona ndugu yao hana nguo wala chakula, wakamuaga kwa maneno matamu wakaenda zao. Kwa hao anamtaja Abrahamu wa miaka mingi baadaye, aliyepanda mlimani na Isaka. Abrahamu ni mmoja. Mwanzo wa safari yake hakuwa na kitu cha kutoa, na mbele ya safari hakuwa na kitu cha kuficha. Hata Waraka kwa Waefeso, sura ya 2, Waprotestanti hupenda mstari wa 8 na wa 9 unaosema wokovu ni kipawa si matendo, lakini mstari wa 10 unafuata hapo hapo ukisema tumeumbwa tutende mema. Isome yote, usiruke.

Na angalia hasara ya kusikilizana nusu nusu. Mwaka 1541, mjini Regensburg, wanateolojia wa pande zote mbili, wakiwemo Philipp Melanchthon na Kardinali Gasparo Contarini, walikaa na kukubaliana juu ya jambo hili hili la kuhesabiwa haki. Lakini Roma ilikataa, na Luther akakataa. Miaka ikapita, lawama zikawa laana, na dini ikachanganyika na siasa za wafalme mpaka vita vya mwaka 1618 hadi 1648 vikaimaliza Ujerumani. Halafu wamisionari wakatuletea injili, na pamoja nayo wakatuletea ugomvi wao. Kule Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliingia Kilema na Kibosho, na Walutheri wa misioni ya Leipzig wakaingia Machame na Mamba. Watu wa mlima mmoja wakaanza kuitana kwa majina ya makanisa. Wewe na mchumba wako mnagombania mpaka ambao babu zenu hawakuuchora.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama mkwe wako huenda hajasikia, na labda hata wewe. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule kule Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya Mafundisho ya Kuhesabiwa Haki. Walikiri kwa pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa sababu ya kustahili kokote kwetu, na kwamba tunampokea Roho Mtakatifu anayetufanya wapya na kutuita tutende mema. Wakakubaliana kwamba laana za karne ya 16 haziwaangukii wanaofundisha hivyo. Mwaka 2006 Wamethodisti wakaungana nao. Mwaka 2016 Waanglikana wakaukaribisha mwafaka huo katika mkutano wao wa Lusaka, na mwaka 2017 Ushirika wa Makanisa ya Kireformu ukajiunga, na sahihi zikawekwa Wittenberg.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, ni mwanachama wa Fungamano hilo. Mwaka 1977 Fungamano lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kanisa la bibi yako lilikuwa na kiti mezani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa wameshapatana, mdogo wangu. Wewe bado unalima wapi?

Nisikufiche, hawakumaliza yote. Kuna Walutheri, wakiwemo wanateolojia wengi wa Ujerumani, waliopinga tamko hilo wakisema limefunika mambo. Tofauti juu ya mastahili, juu ya dhambi inayobaki kwa mbatizwa, juu ya mtu kuwa na hakika ya wokovu wake, zimebaki. Mkatoliki anaamini dhambi ya mauti huweza kumpotezea mtu neema, na kwamba huipata tena kwa Sakramenti ya Kitubio. Meza ya Bwana bado hawaishiriki pamoja. Na makanisa mengi ya walokole na Wapentekoste hayamo katika makubaliano hayo. Wanaobaki na tofauti si wajinga, wanaijali kweli. Ninachokukataza ni kuzigeuza tofauti hizo kuwa fimbo ya kumchapia mtu mezani kwake.

Haya, turudi kwenye magonjwa yale mawili, maana barua zenu nyingi zinanuka mojawapo.

Wa kwanza ni ugonjwa wa kulipa. Ndiyo huu wa dada anayeniambia akikosa jumuiya wiki moja hapati usingizi, anahisi Mungu kashaandika. Mtoto akiugua, anahesabu: ni ile novena niliyoiacha siku ya saba. Na usidhani ni Wakatoliki tu! Yupo Mlutheri anayekopa ili bahasha ya ahadi isionekane nyepesi, akiamini biashara ikiyumba ni kwa sababu alimpunja Mungu. Yupo mlokole anayefunga kula hadi vidonda vya tumbo, kila maombi yasipojibiwa anaongeza siku. Tumelelewa na methali ya mkono mtupu haulambwi, tukadhani na Mungu naye ni hivyo. Matokeo yake ni hofu isiyoisha, na mwenye hofu hapendi. Anatumikia huku akichungulia mlango. Au sivyo anakuwa na kiburi, anawahesabia wenzake mahudhurio, na mfiwa badala ya kupewa pole anaulizwa kwa nini haonekani jumuiya.

Mdogo wangu, mtoto hasongi ugali ili awe mtoto. Anasonga kwa kuwa ni wa nyumba hiyo. Siku akiuunguza, mama atagomba, lakini hatamwambia aende akatafute mama mwingine. Mfanyakazi wa mshahara ndiye anayeogopa kufukuzwa kwa ugali ulioungua. Sasa wewe, uliyebatizwa, nani kakwambia wewe ni kibarua? Trento haikusema hivyo, wala Augsburg haikusema hivyo.

Wa pili ni ugonjwa wa kulala. Huyu anasema "mimi nimeokoka, nimemaliza", na kweli ameimba, amelia, ameshuhudia. Lakini dada wa kazi hajalipwa miezi mitatu. Mtoto aliyemzaa kabla ya kuokoka hamtumii ada, eti ya kale yamepita. Amekopa vikoba vya wanawake wenzake akahama mtaa, na wakimpigia anawajibu kwa mistari ya Biblia. Na huyu pia usidhani ni Mprotestanti tu. Yupo Mkatoliki anayekichukulia kitubio kama mlango wa kutokea: Jumamosi anaungama, Jumatatu anarudi kumpiga mke. Ole wako ukisikia mtu anakwambia matendo si kitu, ukamwamini kabla hujawauliza wanaoishi naye. Mathayo sura ya 25 haina fumbo hapo: wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa ndio wanaotajwa, na hakuna anayeulizwa aliimba sauti ya ngapi.

Nikitafuta mtu wa kuwaponya wagonjwa wote wawili kwa pamoja, namkuta Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Wewe wa ugonjwa wa kulipa, lione hilo: alikubaliwa kwanza. Lakini baada ya hapo Zakayo alisimama mwenyewe akaahidi nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliowadhulumu kurudisha mara nne. Wewe wa ugonjwa wa kulala, lione na hilo: neema ilipoingia ndani, mfuko ulifunguka. Ukiniambia neema imekutembelea na mfuko wako bado umeshonwa, nitakuuliza kwa upole ni mgeni gani aliyekutembelea.

Sasa nirudi kwako uliyejibizana na mama mkwe, maana najua bado unasubiri uambiwe la kufanya.

Kwanza, nenda ukaombe radhi. Ndiyo, wewe, hata kama yeye ndiye aliyeanza. Usiende na maelezo ya mwaka 1547, nenda na mikono miwili na shikamoo. Siku nyingine, moyo ukishapoa, mnaweza kuzungumza, na pengine atafurahi kusikia kwamba kanisa lake na lako walitia sahihi karatasi moja.

Pili, ukae na mchumba wako mzungumze kabla ya kadi kuchapishwa. Ndoa mseto katika Kanisa Katoliki inahitaji kibali cha askofu, na njia yake ni kupitia paroko, kwa hiyo nendeni mapema, msisubiri wiki ya harusi mkaanza kulia. Upande wa Kikatoliki huahidi kuishika imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Upande wa pili hauahidi hilo, lakini ni lazima ujulishwe. Usilisikie siku ya kumbatiza mtoto. Na mwone pia mchungaji wako umsikie naye. Kama una ubatizo wa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, jua kwamba Kanisa Katoliki linautambua. Hata ukihamia huko hubatizwi upya. Na kama unahama, hama kwa kuwa umesadiki, usihame kwa kuwa ukumbi umeshalipiwa. Imani ya kuhama kwa haraka huja kudai fidia baada ya mtoto wa pili.

Tatu, mzungumze yale yanayouma kweli, si kejeli. Mtasali vipi usiku mkiwa wawili? Mume akifiwa na baba yake na ukoo ukataka misa ya kumwombea marehemu, wewe uliyefundishwa kwamba toharani haipo utakaa wapi? Jibu langu: utakaa karibu naye, utamshika mkono, hata kama mdomo wako haukufuata sala. Na yeye siku ukishuhudia usharikani asikae getini akichezea simu. Hayo ni madogo, lakini ndoa nyingi huvunjikia kwenye madogo huku wahusika wakisema wametetea dini.

Nne, na hili ni lenu nyote, hata msio na mpango wa kuoa wala kuolewa. Kabla hujamuuliza mwenzako ataokoka vipi, jikague wewe unaumwa ugonjwa upi. Ukiona unamhesabia Mungu, pumzika; lala usingizi, umekwisha kupendwa. Ukiona unamtegea Mungu, amka. Kuna mtu unamdai radhi, au anakudai pesa, na unamjua kwa jina.

Makanisa yenu yamechukua zaidi ya karne nne na nusu kuweza kusema pamoja kwamba neema ndiyo ya kwanza na kwamba neema ya kweli haikai bure. Kwa gharama hiyo, lichukueni neno hilo hivyo hivyo mkae nalo. Na yule dada wa kazi, mlipeni wiki hii.